Sura ya Saba: Bega la Kushoto

"Huyu hakuwa karani," alisema Dakta Adrian. "Na kama alikuwa nahodha, basi alikuwa nahodha anayebeba meli yake mwenyewe."

Mkaguzi Violet hakucheka. Alikuwa amepanda kutoka Kyela kwa basi la kwanza, viatu vimeloa, na mvua ya Mbeya ilikuwa bado inapiga bati la chumba cha maiti kama mtu anayemwaga mchele kwenye sufuria tupu. Alivuta stuli akakaa.

"Niambie taratibu, daktari. Kichwa changu leo kizito."

Juu ya shuka la kijani mifupa ilikuwa imepangwa kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu. Mafundi wa gati jipya ndio walioikuta kule Gatini, kitongoji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, walipovunja sakafu ya ghala la zamani la bandari. Alikuwa mwanamume, mtu mzima, kalazwa chini ya zege lililomwagwa kabla ya Uhuru. Nyuma ya fuvu palikuwa na ufa.

"Ufa unaujua," alisema daktari. "Kapigwa kisogoni. Hakujiangukia, maana sijawahi kuona mtu anaanguka halafu anajimwagia zege. Leo nataka uangalie hapa." Aligonga mfupa wa mtulinga, ule unaotoka shingoni kwenda begani. "Wa kulia ni wa kawaida. Wa kushoto umenenepa, umepinda kidogo. Pingili za mgongo zimekandamizwa. Huyu alibeba mizigo mizito, miaka mingi, na aliibeba bega moja tu. La kushoto."

"Labda alikuwa wa mkono wa kushoto."

"Nilidhani hivyo. Lakini mkono wake wa kulia ndio wenye nguvu. Sasa njoo upande huu. Bega la kulia nalo limechakaa, ila kwa namna nyingine. Si la mzigo. Ni la mtu aliyekuwa anainua mkono juu, anashusha, anainua, siku nzima."

"Mpaka rangi? Fundi wa dari?"

"Mpaka rangi anayebeba gunia huku anapaka?" Daktari alivua glavu. "Mimi nimekwambia mifupa inasema nini. Kazi ya kumtafuta mwenyewe ni yako, mama."

Violet alifungua jalada. Sampuli zilizopelekwa Dar es Salaam zilikuwa zimerudi bila jibu, kwa sababu mifupa ilikaa mno kwenye maji na chokaa. Waliobaki walikuwa wadai wawili. Wa kwanza Masumbuko, mfanyabiashara wa kakao wa hapo hapo Gatini, aliyeapa kwamba huyo ni babu yake Silvester, nahodha wa mashua, aliyepotea ziwani. Wa pili Bibi Benedicta Kalinga wa Kihesa, Iringa, mwalimu mstaafu mwenye maradhi ya moyo. Yeye alisema huyo ni baba yake, Bartolomeo Kalinga, aliyetoka Iringa kwenda kufanya kazi ya ukarani bandarini na asirudi. Nyumbani waliambiwa amekimbia ng'ambo ya ziwa na mwanamke. Mama yake Benedicta alikufa akiamini hivyo.

Kwenye jalada mlikuwa na nakala ya picha ya studio ya Bartolomeo, aliyoitoa binti yake. Kijana mwembamba, amekaa wima, kalamu mfukoni. Koti lilikuwa limemkaa vibaya. Upande mmoja wa kola ulikuwa umenyanyuka hadi karibu na sikio.

"Mkuu wangu anasema nini, unataka kujua?" Violet aliuliza, ingawa daktari hakutaka. "Ijumaa ikifika bila jina, marehemu anazikwa makaburi ya jiji. Bila msalaba, bila jina. Na maelezo ya mdai yasipolingana na ripoti yako, hapewi mtu mwili."

"Basi hawalingani wote wawili."

"Ndiyo maana nimekaa chini," alisema Violet.

*

Gatini palikuwa na joto, na tope lilinata mpaka kwenye vifundo vya miguu. Violet na Konstebo Shadrack walianza nyumba za juu wakashuka kuelekea ziwani, mlango kwa mlango, na swali lilikuwa moja: babu yako alifanya kazi gani bandarini?

"Nahodha," ilisema nyumba ya kwanza.

"Karani wa mizigo. Alikuwa na baiskeli," ilisema ya pili.

"Nahodha msaidizi."

"Karani wa stoo."

"Babu yetu sisi ndiye aliyekuwa anapiga filimbi, meli ing'oe nanga. Bila yeye haiondoki."

Kufikia adhuhuri Shadrack, mtu wa kitambi na pumzi fupi, aliegemea ukuta wa nyumba ya mwisho akajipepea kwa kofia. "Afande, bandari hii haikuwa na kuli hata mmoja. Mzigo ulikuwa unajibeba."

"Unapanda wenyewe melini," alisema Violet.

"Unasalimia, unakaa."

Walikwenda kwenye ghala. Mafundi walikuwa wamekula na kujilaza kivulini. Mbele ya sakafu iliyovunjwa, kuelekea majini, vilisimama vyuma vitano vyenye kutu, virefu kupita mtu, vimechomekwa kwenye mawe, kila kimoja na pete kichwani. Violet alivipita mara ya kwanza, akarudi, akavipita tena. Vilifuatana mstari mmoja, upande wa kulia wa njia. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, hata shimo la chuma kilichong'olewa.

"Hivi vya nini?"

Msimamizi wa mafundi hakujua. Aliyejua alikuwa Bibi Veronika, ambaye nyumba yake ilitazamana na ghala na ambaye siku nzima alikuwa akigeuza kakao kwenye mkeka huku akiwaangalia askari wanavyohangaika.

"Ugonile, juba," Violet alimwamkia Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Nilijua mtafika. Mmeanza na waongo kwanza, mmechoka, sasa mmekuja kwangu." Alisogeza mkeka awapishe nafasi. "Mimi mama yangu alikuwa anauza uji hapo gatini. Mimi naosha bakuli. Huyo babu wa filimbi simjui. Filimbi alipiga Mzungu."

"Makuli walikuwepo?"

"Mwe! Wengi kama sisimizi. Kutwa wanapakia mchele kwenye tishari, lile jahazi bapa la kusogeza mzigo kwenye meli. Kulikuwa na ubao mmoja, mwembamba, unatoka hapa unapanda mpaka kwenye tishari. Unapanda na gunia, ukishatua unaruka majini, unarudi kwa miguu. Vya kushusha vilishukia kule mbali, kwa toroli. Hapa ilikuwa kupandisha tu."

"Na vyuma?"

"Kamba ilipita kwenye hizo pete. Unashikilia, ubao unateleza ati."

Violet alimtazama Shadrack. Shadrack alitazama pembeni.

"Afande, mimi nina mgongo."

"Nina mgongo na mimi. Kaazime ubao kwa mafundi. Na kamba."

Waliegemeza ubao kwenye jiwe lililobaki la gati, wakapitisha kamba kwenye pete. Bibi Veronika alitoa nusu gunia la mpunga. Watu walianza kusogea, kwanza watoto, kisha akina mama na vijiko vyao mkononi. Shadrack alijitwisha bega la kulia, akakanyaga ubao, akatafuta kamba. Mkono wa kulia ulikuwa umelikumbatia gunia. Wa kushoto ulikuwa mtupu, na upande wa kushoto hapakuwa na cha kushika.

"Nafa, afande."

"Rudi. Hamisha."

Alihamishia bega la kushoto. Mkono wa kulia ukainuka wenyewe ukakutana na kamba juu kidogo ya kichwa chake, ubao ulivyokuwa unapanda. Alikwenda hatua kwa hatua, mguu mbele ya mguu kama mtu anayefuata mstari, mkono unainuka, unashika, unaachia, unainuka tena.

Violet alisimama kwenye tope akimtazama. Bega la kushoto la mzigo. Bega la kulia la kuinua. Marehemu yule pale mbele yake, na kitambi na sare za polisi.

"Wote walibeba hivyo?" alimuuliza Bibi Veronika.

"Wangebebaje? Wa bega la kulia alidumu siku moja."

"Na yupo kuli aliyepotea, miaka ile ghala linasakafiwa?"

Bibi Veronika aliacha kugeuza kakao. "Mmoja. Mhehe. Jina hatukulijua, hapa mtu aliitwa kwa kabila lake. Mpole, hali samaki, tunamcheka. Asubuhi moja hakuja kunywa uji, na nyapara, yule aliyewasimamia, akasema kakimbia na mwanamke ng'ambo. Mama akashangaa. Akasema mwanamke gani, na kila jioni huyo mtu anaongea habari za mtoto wake mpaka uji unapoa?"

"Mtoto gani?"

"Wa kike. Jina nimesahau, mwanangu. Nilikuwa mdogo."

Nyuma ya watu sauti ya kiume iliita. Masumbuko alikuwa anakuja haraka, shati jeupe, buti za mvua, simu mbili mkononi. Kumbe habari ya ripoti ilikwishafika kabla ya walioileta.

"Afande Violet! Nimekumbuka jambo. Babu yangu Silvester, kabla ya unahodha, alianza na ukuli. Kabeba sana mizigo hapa hapa. Nilisahau kusema."

"Juzi uliapa hajawahi kushika hata kikapu."

"Juzi nilikuwa na homa."

Watu waliguna. Kila mmoja pale alijua anachokitaka. Gati jipya likija, mwenye kaburi kwenye kiwanja ndiye atakayesikilizwa kwanza kwenye fidia.

"Sawa," alisema Violet. "Alikueleza walivyobeba?"

"Kila siku. Mimi ndiye mjukuu wake wa karibu."

"Basi tuonyeshe. Konstebo, mpe gunia."

Masumbuko alivua shati lisichafuke, akalikunja vizuri, akampa mtoto. Alilibetua gunia likatua bega la kulia kwa madaha, akapanda ubao. Katikati aliyumba. Mkono wa kushoto ulipapasa hewani, ukapapasa tena. Akaruka kabla ya kuanguka, maji na tope vikampanda hadi kiunoni.

"Nahodha kazama!" alipiga kelele mtu, na Gatini nzima ikacheka.

Bibi Veronika peke yake hakucheka. Alingoja Masumbuko atoke majini.

"We mtoto. Babu yako alikuwa nahodha kweli. Hawa wote wamejivika unahodha, wa kweli alikuwa mmoja tu, Silvester, alishika usukani mpaka viganja vikawa kama ganda la ndizi. Hakubeba hata bakuli lake la uji, tulimpelekea. Na ziwa ndilo lililomchukua, tulisimama hapa tukalia. Leo wewe ndiye unamkana, kwa ajili ya kiwanja?"

Masumbuko alifunga vifungo vya shati bila kumtazama mtu. Alikosea kimoja, shati likakaa upande. Hakuongeza neno kwenye maelezo yake, na jioni hiyo alituma ujumbe mfupi kuyaondoa.

"Tumemaliza," alisema Shadrack, akijifuta jasho. "Kuli, Mhehe, kapotea. Yule bibi wa Iringa apewe baba yake."

"Bibi wa Iringa ameapa baba yake alikuwa karani. Wahehe waliokuja kutafuta kazi huku ni wengi. Mkuu atauliza swali moja tu: huyu kuli na yule karani, nani kakuambia ni mtu mmoja?"

Shadrack alifikiri. "Mpigie simu. Mwambie abadilishe."

"Kama Masumbuko?" alisema Violet.

*

Basi la Iringa liliondoka Mbeya kabla ya jua. Violet alimpigia dada yake Eveline, aliyemwachia mwanawe Amos.

"Kikohozi?"

"Kimepungua. Kanywa uji, nusu kamwagia paka."

"Mwambie narudi leo."

"Nilimwambia jana pia," alisema Eveline, lakini bila ukali.

Kwenye njia panda ya kwenda Ubaruku basi lilisimama, na vijana wakaanza kuingiza magunia ya mchele kwenye buti. Violet alifuta dirisha kwa kiganja akawatazama. Mmoja bega la kulia, mwingine kichwani, mwingine la kushoto, mwingine anakumbatia tumboni kama anabeba mgonjwa. Kila mmoja na mtindo wake. Palipokosekana kamba, hakuna aliyechaguliwa bega. Alikwenda na wazo hilo hadi Makambako, kisha akasinzia.

Nyumba ya Bibi Benedicta ilikuwa Kihesa, juu ya barabara, ua umefagiwa, kamba ya nguo imekatiza kutoka mparachichi hadi nguzo ya umeme. Bibi alikuwa amekaa barazani na sweta mbili. Devota, mjukuu wake, alikuwa jikoni, na ndani ya nyumba mtoto mchanga alikuwa analia kilio cha meno.

"Kamwene, Bibi. Shikamoo."

"Kamwene. Marahaba, mwanangu. Umekuja na baba yangu?"

"Bado, Bibi."

"Basi kaa. Devota, chai!"

Violet alieleza yote, kama anavyoeleza mahakamani, bila kupunguza na bila kuongeza. Mtulinga. Ubao. Mhehe asiyekula samaki. Alipofika kwenye neno lenyewe, Bibi Benedicta aliweka kikombe chini.

"Rudia."

"Marehemu alikuwa kuli, Bibi."

"Basi si baba yangu."

"Bibi—"

"Mwalimu. Huko mtaani wananiita Mwalimu. Unajua kwa nini nilisoma? Watoto wenzangu waliniambia baba yako kawatupa, katoroka na mwanamke. Mimi nikawajibu, baba yangu ni karani, anaandika kwa Kiingereza, karani hawezi kuwa na mtoto mjinga. Nikasoma. Nikafundisha miaka yote shule za hapa. Hata waliokuwa wananicheka niliwafundishia wajukuu." Alishusha pumzi, mkono kifuani. "Baba yangu hakuwa kuli wa mtu. Picha unayo. Kalamu umeiona."

"Nimeiona."

"Ehee."

"Aliwahi kuandika barua, kwa mkono wake?"

Bibi alijifunga vizuri sweta. "Zilikuja salamu. Watu walileta kwa mdomo."

"Alipokuja nyumbani, alikuja na nini?"

"Alikuja mara moja tu. Nilikuwa mdogo, sina meno ya mbele. Alileta mchele, na kitenge cha mama. Unanihoji kama mwizi, binti."

"Samahani, Bibi. Ijumaa ni kesho kutwa. Nikirudi mikono mitupu atazikwa na wasio na watu."

"Afadhali hivyo kuliko kumzika mtu wa wengine nikamwita baba."

Violet alitazama saa. Alikunja karatasi za maelezo akazirudisha kwenye jalada. Chai ilikuwa imepoa na safari yote ya kurudi ilikuwa bado mbele yake.

Ndani, kilio kilipanda. Devota alitoka na mtoto, amechoka, kanga imelegea, nywele hazijachanwa.

"Tangu asubuhi, dada. Nyonyo hataki, mgongoni hataki. Bibi, nimfanyie ile yenu?"

"Mfanyie."

Devota alimketisha mtoto begani, bega la kushoto, akamshika miguu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akauinua juu, ngumi imefumbwa nusu. Kisha akaanza kukatiza ua, polepole, mguu mbele ya mguu, kila hatua mkono unashuka kidogo na kuinuka tena mbele zaidi. Mtoto alinyamaza. Alishika nywele za mama yake akaanza kucheka.

Violet alisimama. Jalada lilimdondoka miguuni, hakuliokota.

"Devota. Nani kakufundisha kumbeba hivyo?"

"Mama. Kwetu wote tunabeba hivi."

"Na mama yako alifundishwa na nani?"

"Mimi," alisema Bibi Benedicta kutoka barazani. "Kuna kosa gani? Ni mchezo wa nyumbani. Baba alinibeba hivyo siku ile alipokuja, tulipokwenda kumpokea stendi. Toka stendi mpaka huku, mlima wote. Watu njiani walimpungia, wakidhani anawasalimia."

"Kwa nini mkono uko juu?"

"Ni mchezo."

"Unashika nini, Bibi?"

Bibi Benedicta aliutazama mkono wa Devota uliokuwa bado juu. Maisha yake yote watu walikuwa wameucheka ule mchezo, na hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

"Devota, mdogo wangu," Violet alisema, "hebu pita hapa. Chini ya kamba ya nguo. Ikae kulia kwako. Tembea kama ulivyokuwa unatembea, usibadilishe kitu."

Devota aliona ni upuuzi, lakini mtoto alikuwa kimya, na kwa kimya hicho angepita popote. Alikwenda. Mkono wake wa kulia uliinuka, ukakutana na kamba, ukafumbata. Hatua. Ukaachia, ukateleza mbele, ukafumbata. Nepi mbili zilitikisika. Mguu mbele ya mguu, hadi kwenye nguzo.

Violet alisogea barazani akachuchumaa mbele ya kiti cha Bibi, akatoa picha ya studio.

"Angalia koti, Bibi. Mimi nilidhani fundi kakosea. Hili koti ni la mpiga picha, na kalamu labda ni yake pia. Halimkai, kwa sababu bega la kushoto limevimba. Gatini kulikuwa na ubao mmoja wa kupandia na kamba upande mmoja. Makuli wake tu ndio waliotembea hivi. Makarani hawakupanda ubao ule. Masumbuko amezaliwa pale pale na hakujua, akaanguka majini. Huku Kihesa mnajua. Mtoto wa Devota anajua, na meno hana."

Bibi Benedicta aliishika picha karibu na macho. Kidole chake kilipanda polepole kwenye kola iliyonyanyuka, kikabaki hapo.

"Usiku ule," alisema baadaye, "nilitaka kulala begani kwake. Hili hili. Akanihamisha. Akasema lile la kushoto lina joto. Nikasikia mama anamkanda na maji ya chumvi. Nilidhani ni uchovu wa safari." Aliishusha picha mapajani. "Na asubuhi akanibeba tena hapo hapo. Bega hilo hilo bovu."

"Hakujua kubeba kwingine, Bibi."

"Angeweza kunishusha nikatembea. Nilikuwa mkubwa."

Devota alikuwa amesimama chini ya kamba, mtoto amemlalia kichwani. Barabarani lori lilibadilisha gia likapanda mlima.

"Hakutukimbia," alisema Bibi.

"Hapana. Alikuwa chini ya sakafu. Aliyesema amekimbia ni nyapara wake, na sasa marehemu akipata jina, swali langu linalofuata ni la huyo nyapara, na jamaa zake waliopo."

"Mama alikufa akimlaani." Bibi alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akakaa wima. "Okota karatasi zako."

Violet aliziokota, akazipangusa vumbi, akatafuta kalamu. Aliandika jina, umri wa kukadiria, mahali alipozaliwa. Alipofika kwenye kazi ya marehemu alisita.

"Naweza kuandika mpagazi, Bibi. Ndivyo tunavyoandika sisi."

"Andika kuli."

Alisema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma, mpaka jirani aliyekuwa anaanua nguo zake akageuka kutazama.

"Bartolomeo Kalinga, kuli wa Gatini. Na huko ukirudi, uwasomee kwa sauti. Devota! Mlete huyo mtoto. Hapana, wewe kaa, umechoka. Niwekee hapa begani."

"Bibi, moyo wako."

"Niwekee."

Devota alimweka mtoto begani kwa bibi yake, bega la kushoto, akabaki amemshikilia kwa chini. Bibi Benedicta alikuwa amekaa kwenye kiti na hakuwa na nguvu ya kusimama. Aliinua mkono wa kulia.